VOLTI, AMPEA NA OMU: HESABU YA UMEME KWA MFANYAKAZI



Katika kiwanda cha chai, umeme huzungusha feni za kunyaushia majani, huendesha mashine za kuyasaga na mikanda ya kuyapeleka kwenye kikaushio, na zamu ya usiku hutuangazia sakafu. Katika kiwanda cha saruji cha CIMERWA kule Bugarama, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984, umeme huendesha mitambo ya kusaga mawe. Katika karakana za Kamembe huchomelea vyuma na kuranda mbao. Tunakula kwa jasho letu, lakini jasho hilo linafanya kazi pamoja na umeme kila siku.

Hata hivyo, wengi wetu tumefundishwa mambo mawili tu juu ya umeme: kubonyeza swichi na kuogopa. Kuogopa peke yake hakutoshi. Mtu anayeogopa bila kujua huogopa waya mkubwa ulio salama, kisha hushika kwa mkono ulioloa waya mdogo unaoweza kumwua. Makala haya yanakusudia kutuongezea jambo la tatu, yaani kuupigia umeme hesabu. Hesabu yenyewe haizidi kuzidisha na kugawanya. Anayejua kupiga hesabu ya kilo za majani aliyochuma na bei ya kila kilo, anaiweza.

1. MTO WETU NI MWALIMU

Tuanze na kitu tunachokiona. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huingia Ziwa Tanganyika, lililo kiasi cha mita 770. Kwa hiyo, toka ziwa hadi ziwa, maji hushuka karibu mita 690. Huku juu, mara tu mto unapotoka ziwani, hupita katika korongo lenye mteremko mkali na mawe mengi. Ukifika chini, upande wa Bugarama, bonde hupanuka na mto hutulia.

Katika mto huo yamo mambo matatu ambayo yatupasa kuyatenganisha.

La kwanza ni kimo cha mteremko. Kimo ndicho kinachoyasukuma maji. Pasipo na tofauti ya kimo, maji husimama kama dimbwi. Katika umeme, msukumo huo hupimwa kwa VOLTI.

La pili ni wingi wa maji yanayopita mahali pamoja kwa kila sekunde. Katika umeme, wingi huo tunauita mkondo, nao hupimwa kwa AMPEA.

La tatu ni vizuizi vya njiani: mawe, kona, na wembamba wa mfereji. Vizuizi vikiwa vingi, maji hupita kidogo ingawa kimo ni kile kile. Katika umeme tunaviita ukinzani, nao hupimwa kwa OMU.

Mfano huu una mpaka wake. Bomba la maji likikatika, maji humwagika. Waya ukikatika, mkondo husimama palepale, kwa sababu umeme hauendi popote ila uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, yaani mzunguko mzima. Lakini tusijidanganye kwamba waya uliokatika umekufa. Msukumo bado uko pale kwenye ncha yake, unangoja njia. Mtu akiugusa huku amekanyaga udongo wenye unyevu, mwili wake ndio unaokuwa njia hiyo. Jambo hili tutalirudia.

2. KANUNI YA KWANZA: MSUKUMO, MKONDO NA UKINZANI

Aliyeeleza uhusiano wa mambo haya matatu ni Mjerumani, Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomea hesabu mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Ohm alichapisha kitabu chake mwaka 1827. Leo kipimo cha ukinzani duniani kote hubeba jina la mtoto huyo wa fundi wa kufuli.

Kanuni yake ni hii:

Volti = Ampea × Omu

Ukitaka ampea, gawanya volti kwa omu. Ukitaka omu, gawanya volti kwa ampea. Ukijua mambo mawili, la tatu halijifichi.

Mfano. Umeme wa majumbani hapa Rwanda ni wa volti 230. Fundi amepima akakuta pasi inavuta ampea 5. Ukinzani wa pasi hiyo ni upi?

230 ÷ 5 = omu 46

Tuseme pasi hiyo hiyo imeharibika ndani, waya wake wa joto umejigusa katikati, na njia ya umeme imefupika hata ukinzani ukabaki omu 23. Sasa mkondo ni 230 ÷ 23 = ampea 10. Tazama: ukinzani umepungua nusu, mkondo umeongezeka maradufu. Na iwapo nyaya mbili zitagusana kabisa, ukinzani ukaanguka hadi sehemu ndogo ya omu, mkondo utaruka hadi mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Hiyo ndiyo shoti, na fyuzi iliwekwa kwa ajili ya ajali ya namna hiyo.

3. KANUNI YA PILI: NGUVU

Rudi tena mtoni. Kwa nini mabwawa ya umeme yalijengwa katika korongo la juu, wala si kule mto unakotulia? Kituo cha Ruzizi I, upande wa Kongo, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, kinachoendeshwa na SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Kongo, kilianza mwaka 1989, na uwezo wake ni kiasi cha megawati 44. Vyote viwili viko juu, penye mteremko. Sababu ni kwamba kazi inayoweza kufanywa na maji hutokana na mambo mawili yakizidishwa pamoja: kimo na wingi. Maji mengi yasiyo na kimo hayazungushi gurudumu kwa nguvu, wala kimo kikubwa chenye matone machache hakifanyi kazi kubwa.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Nguvu yake hupimwa kwa WATI, na hesabu yake ni hii:

Wati = Volti × Ampea

Ile pasi yetu ya ampea 5 ina nguvu ya 230 × 5 = wati 1,150. Wati 1,000 huitwa kilowati moja, kwa hiyo pasi hiyo ni ya kilowati 1.15.

Hapa tutofautishe nguvu na matumizi. Mita ya umeme haiuzi kilowati, bali huuza kilowati zilizozidishwa kwa saa. Pasi hiyo ikiwaka mfululizo kwa saa mbili itakula 1.15 × 2 = kilowati-saa 2.3. Zidisha namba hiyo kwa bei ya kilowati-saa moja, utajua pasi imekula pesa ngapi. Wenye mita za kulipia kabla wanaweza kujipima hivyo nyumbani, wakajua ni chombo gani kinachomaliza salio kabla ya mwisho wa mwezi. Mara nyingi watakuta ni vile vinavyopasha joto, wala si taa.

4. KWA NINI TUNAUITA "UMURIRO"

Kwa Kinyarwanda, mtu akienda kununua umeme husema anakwenda kununua umuriro, yaani moto. Jina hilo limebeba ukweli mkubwa. Mkondo popote unapopita penye ukinzani huzaa joto. Tukiziunganisha kanuni zetu mbili tunapata ya tatu, nayo ndiyo inayopaswa kukaa kichwani mwa kila mfanyakazi:

Wati za joto = Ampea × Ampea × Omu

Angalia kwamba ampea zimezidishwa mara mbili. Maana yake ni kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, joto halizidi maradufu bali mara nne. Mkondo ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa.

Tuchukue mfano unaoonekana kila mahali: kiungo kilicholegea. Fundi wa haraka amesokota nyaya mbili kwa vidole akazifunga kwa utepe, au skrubu ya soketi haikukazwa. Mahali hapo pamezaliwa ukinzani wa omu 0.5 tu, yaani nusu omu. Mkondo wa ampea 10 ukipita:

10 × 10 × 0.5 = wati 50

Wati 50 za joto zimekusanyika mahali padogo kama punje ya harage, ndani ya plastiki, nyuma ya ubao. Sasa mwenzetu anachomeka chombo cha pili na mkondo unafika ampea 20:

20 × 20 × 0.5 = wati 200

Hapo plastiki hunuka, soketi hubadilika rangi, na usiku moto hulipuka. Asubuhi watu husema, "Ni umeme tu." Siyo umeme tu, ndugu. Ni nusu omu ambayo hakuna aliyeikaza. Soketi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, taa inayofifia kila mashine inapowashwa: yote hayo ni ujumbe wa kanuni ya tatu.

Mfano wa pili ni ekstensheni, waya wa kurefushia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1.5, urefu wa mita 50, una njia ya kwenda na ya kurudi, jumla mita 100. Ukinzani wake ni kiasi cha omu 1.2. Ukiupitishia ampea 10:

Volti zinazopotea njiani: 10 × 1.2 = volti 12
Joto katika waya: 10 × 10 × 1.2 = wati 120

Waya ukinyooshwa sakafuni, wati hizo 120 hutawanyika katika mita zote 50 na hakuna madhara. Lakini waya huo huo ukiachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake, joto lote hubaki katikati ya mviringo na ganda la plastiki huyeyuka. Kwa hiyo, unapotumia ekstensheni kwa chombo kizito, ifungue yote. Na ikiwa mashine iko mbali, dai waya mnene zaidi. Unene wa milimita ya mraba 2.5 hupunguza ukinzani hadi kiasi cha omu 0.7.

Sasa twaweza kuelewa dhambi ya kuweka msumari au waya wowote mahali pa fyuzi. Fyuzi ni mahali dhaifu palipotengenezwa kwa makusudi. Ile ya ampea 10 inasema: "Nyaya za nyuma yangu zinavumilia ampea 10. Zikizidi, nitakatika mimi." Ukiweka msumari, umeamua kwamba kitakachokatika ni waya ulio ndani ya ukuta. Fyuzi inayokatika kila siku ni shahidi anayesema kweli, na dawa ni kutafuta kosa, si kumziba shahidi mdomo.

5. KANUNI HIYO HIYO KATIKA NGUZO ZA BARABARANI

Kutoka mitambo ya Rusizi, umeme wa Rwanda husafirishwa kwa njia kuu ya kilovolti 110, yaani volti 110,000. Kwa nini usisafirishwe kwa volti ndogo zisizo za hatari? Jibu limo katika kanuni ya tatu.

Tufanye mfano uliorahisishwa. Tunataka kupeleka megawati 11, yaani wati 11,000,000, kwa njia yenye ukinzani wa omu 10.

Kwa volti 110,000 mkondo ni 11,000,000 ÷ 110,000 = ampea 100. Joto linalopotea njiani ni 100 × 100 × 10 = wati 100,000. Hiyo haifiki hata sehemu moja katika mia ya umeme wote.

Kwa volti 11,000 mkondo ni ampea 1,000. Joto linalopotea ni 1,000 × 1,000 × 10 = wati 10,000,000. Yaani katika megawati 11 tulizozituma, 10 zimeishia kupasha joto hewa ya milimani.

Msukumo umepunguzwa mara kumi, hasara imeongezeka mara mia. Ndiyo sababu volti hupandishwa kwenye kituo cha uzalishaji, kisha hushushwa kwa transfoma hatua kwa hatua hadi zinapofika 400 na 230 kwetu. Na ndiyo sababu nguzo za njia kuu ni za kuheshimiwa. Hata usipoushika waya wake, umeme wa kilovolti unaweza kumrukia mtu aliyesogea karibu akiwa na ngazi ya chuma au bomba refu.

6. MOTA ZA KIWANDANI

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana mota haifuati kanuni ya kwanza kirahisi kama pasi. Mtu akipima omu za waya wa mota iliyosimama, kisha akagawanya volti kwa omu hizo, atapata ampea nyingi kuliko zile mota inazovuta ikiwa inazunguka. Sababu ni kwamba mota inapozunguka huzalisha ndani yake msukumo unaopingana na ule wa nje, na msukumo huo hupunguza mkondo.

Jambo hili si la vitabuni tu. Linaeleza mambo mawili tunayoyaona. Kwanza, mota inapoanza, kabla haijashika mwendo, huvuta mkondo ambao mara nyingi hufika mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na ndipo taa hufifia kwa nukta chache. Pili, mota iliyokwama haina msukumo wa kupinga. Majani yakijaa katika mashine ya kusaga hata ikasimama huku umeme unaendelea, mkondo hubaki mkubwa, na kwa kanuni ya tatu joto huwa la kutisha. Mkondo mara sita ni joto mara thelathini na sita. Mota huungua katika muda mfupi. Kwa hiyo, mashine ikikwama, kata umeme kwanza, kisha ndipo uulize. Usiingize mkono wala mti kuizibua kabla swichi kuu haijafungwa, maana ikizibuka ghafula itazunguka nawe.

Mota nyingi za viwandani hutumia nyaya tatu za umeme wa volti 400. Nguvu zake hupatikana hivi:

Wati = 1.73 × Volti × Ampea × kipeo cha nguvu

Kipeo cha nguvu ni namba isiyozidi moja, iliyoandikwa kwenye kibao cha mota, aghalabu kati ya 0.7 na 0.9. Mota ya volti 400 inayovuta ampea 15, yenye kipeo cha 0.8, inavuta 1.73 × 400 × 15 × 0.8 = wati 8,304, au kilowati 8.3 hivi. Kilowati zilizochapwa kwenye kibao huwa pungufu kidogo kuliko hizo, kwa sababu kibao hutaja kazi inayotoka kwenye mhimili, na sehemu ya umeme imegeuka joto ndani ya mota.

7. MWILI WA MTU NAO NI UKINZANI

Sasa tufikie hesabu iliyo muhimu kuliko zote, hesabu ya roho ya mtu.

Mwili una ukinzani, lakini haufanani siku zote. Ngozi kavu na ngumu ya mkono inaweza kuwa na maelfu mengi ya omu. Ngozi iliyoloa, yenye jasho au jeraha, huacha ukinzani ushuke hadi kiasi cha omu 1,000, na pengine chini zaidi. Mtu aliyeloa akigusa waya wa volti 230:

230 ÷ 1,000 = ampea 0.23, yaani miliampea 230

Ni nyingi au chache? Kiasi cha miliampea 10 hukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichokishika. Kiasi cha 30, zikiendelea kupita, huhatarisha pumzi. Zaidi ya 50, moyo waweza kuacha mapigo yake na kutetema ovyo. Miliampea 230 ni za kuua.

Linganisha namba hiyo na fyuzi. Fyuzi ya ampea 10 hungoja miliampea 10,000 na zaidi. Miliampea 230 zinazomwua ndugu yetu ni sehemu ndogo sana kwake. Fyuzi haitakatika, taa hazitazimika, mashine itaendelea kuzunguka. Fyuzi huwekwa kulinda nyaya, haikuwekwa kulinda mtu.

Kinachomlinda mtu ni mambo mengine. Kuna waya wa ardhi, unaoyapa maganda ya chuma ya mashine njia rahisi ya kupeleka umeme udongoni kabla haujamkuta mtu. Kuna kifaa cha kuhisi uvujaji, kinacholinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi, na kukata mara vikitofautiana. Kile cha kulinda watu hukata kabla tofauti haijazidi miliampea 30. Tena kuna ukavu: viatu vizima vya mpira, sakafu isiyo na madimbwi, mikono iliyofutwa. Kwenye chumba chenye majani mabichi, kwenye pampu za mashamba ya mpunga, na mahali sakafu inapooshwa kwa maji, ukavu ni mgumu kupatikana. Kwa hiyo waya wa ardhi na kifaa cha uvujaji huko si anasa.

Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme. Usipoweza, na ikiwa ni umeme wa volti 230 au 400, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Ikiwa ni waya wa njia kuu, kaa mbali hadi wahusika waukate. Akishatolewa, kama hapumui, apewe huduma ya kwanza mara moja na apelekwe hospitali.

8. TUITUMIEJE HESABU HII KAZINI

Hatusemi kwamba kila mfanyakazi ashike bisibisi na kufungua sanduku la umeme. La! Kupima volti na ampea ni kazi ya fundi aliyefundishwa, mwenye vifaa. Lakini kila mmoja wetu anaweza kufanya mambo manne.

(a) Soma kibao cha mashine yako. Hapo pameandikwa volti, ampea na wati au kilowati. Viandike katika daftari.

(b) Jumlisha ampea za vyombo vyote vinavyotumia soketi au njia moja, uzilinganishe na fyuzi yake.

(c) Toa taarifa mapema, tena kwa namba. Mfanyakazi akisema, "Soketi ile inaniogopesha," ataambiwa ajikaze. Akisema, "Njia ile ina fyuzi ya ampea 10, na mashine mbili zilizochomekwa zinavuta ampea 16," hawezi kuambiwa kwamba ni woga. Namba haina cheo, haiogopi bosi wala haimdharau kibarua.

(d) Kabla ya kusafisha au kuzibua mashine, swichi yake ifungwe kwa kufuli, ufunguo ubaki mfukoni mwa yule anayefanya kazi, na kibao kitundikwe: USIWASHE, MTU YUMO.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamwajibisha mwajiri kulinda usalama na afya mahali pa kazi, na imeweka nafasi kwa kamati ya usalama na afya. Mjumbe wetu katika kamati hiyo asiende mikutanoni mikono mitupu. Aende na daftari lenye volti, ampea na omu.

9. MAZOEZI

Jaribu kwanza, kisha tazama majibu. Wakati wa mapumziko mjipime wawili wawili.

(i) Birika la umeme la volti 230 linavuta ampea 8. Ukinzani wake ni omu ngapi, na nguvu yake ni wati ngapi?

(ii) Njia moja ya volti 230 ina fyuzi ya ampea 10. Pasi ya wati 1,150 na jiko la wati 1,500 vimewashwa pamoja. Je, njia hiyo imezidiwa?

(iii) Kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 0.2, nao mkondo ni ampea 15. Joto lake ni wati ngapi?

(iv) Birika la swali la kwanza likiwaka nusu saa, mita itahesabu kilowati-saa ngapi?

(v) Mtu mwenye ngozi kavu, ukinzani wa omu 20,000, amegusa volti 230. Mkondo ni miliampea ngapi? Je, yuko salama?

Majibu: (i) Omu 28.75, wati 1,840. (ii) Wati zote ni 2,650. Ukigawanya kwa 230 unapata ampea 11.5, kwa hiyo imezidiwa. (iii) Wati 45. (iv) Kilowati-saa 0.92. (v) Miliampea 11.5. Hayuko salama, kwa kuwa mkondo huo unatosha kumkaza mkono asiweze kuachia, na kadiri anavyotoka jasho ukinzani wake unashuka na mkondo unapanda.